Usimuulize Mama Peke Yake

 Msikilizaji mpenzi, kabla sijaanza nina ombi. Baba aliyeko nje barazani aitwe, na kaka naye asogee karibu na redio. Mada ya leo ni ya uzazi wa wanawake, na mara nyingi mada ya namna hii ikianza wanaume huinuka wakaenda zao. Leo naomba wabaki, maana nitakayoyasema yanahusu damu yao pia, na huenda yanahusu afya yao wenyewe.

Tunazungumzia hali ambayo hospitalini huitwa kwa herufi nne, PCOS. Wako walioambiwa kwamba ni mvurugiko wa homoni, na wako walioelezwa tu kwamba mayai yao hayapevuki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 8 na 13 wana hali hii, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nayo hawajui kuwa wanayo. Kwenye kikundi cha vikoba chenye kina mama 30, hesabu hiyo inaleta wawili hadi wanne. Ni jambo la kila mtaa.

Swali ninalotaka tulijibu jioni hii ni lile linaloulizwa kwanza kabisa binti akirudi na majibu: imetoka wapi? Nyumbani kwetu swali hili lina majibu yaliyokwisha andaliwa. Utasikia alimeza vidonge vya uzazi wa mpango akiwa shuleni. Utasikia alitoa mimba. Utasikia kuna mkono wa mtu. Na akiwa ameolewa, mawifi watasema kwao hawazai, kaka yetu kaingia ukoo mbaya. Majibu yote hayo yana kitu kimoja kinachofanana: yanamtafuta mwanamke wa kumlaumu, ama yeye mwenyewe, ama mama yake. Sayansi ya urithi imelishughulikia swali hilohilo kwa miongo kadhaa, na jibu lake linawaondolea wote wawili mzigo huo. Sehemu kubwa ya hatari ya PCOS ni ya kurithi, inatoka upande wa mama na upande wa baba, na hakuna aliyeichagua.

Twende taratibu. Mtazame msichana wa miaka 17. Alivunja ungo akiwa na miaka 12, na hadi leo hedhi yake huja inavyotaka: mara baada ya miezi miwili, mara baada ya minne. Kidevuni zimeota nywele ngumu, naye huzing'oa moja moja kwa kibanio mbele ya kioo alfajiri, kabla wenzake hawajaamka. Chunusi zimemkalia kwenye taya. Nyuma ya shingo ngozi imekuwa nyeusi na imenenepa kidogo. Mama yake anaona ni nongo, na kila Jumamosi anaisugua kwa dodoki mpaka mtoto analia. Weusi uko palepale. Hautatoka kwa dodoki wala kwa sabuni yoyote, kwa sababu unatoka ndani: ndivyo ngozi inavyojibu pale insulini inapokuwa nyingi mno kwenye damu.

Ndani ya mwili wa msichana huyu kuna mambo mawili yanayochocheana. La kwanza ni ovari. Kila mwanamke hutengeneza androjeni, homoni ambazo tumezoea kuziita za kiume, testosteroni ikiwemo. Ovari huzitengeneza, kisha sehemu kubwa hugeuzwa kuwa estrojeni. Kwa mwenye PCOS uzalishaji huo umezidi. Tezi ya pituitari, iliyoko chini ya ubongo, husimamia ovari kwa homoni mbili, LH na FSH. LH ikizidi, ovari husukumwa kutoa androjeni zaidi. FSH isipotosha, vifuko vingi vya mayai huanza kukua kwa pamoja lakini husimama njiani, hata kimoja kisifikie kupevuka. Mtaalamu wa ultrasaundi akitazama skrini yake huona vijiduara vyeusi, vingi vyake vya milimita 2 hadi 9, vimejipanga pembezoni mwa ovari. Hivyo ni vifuko vya mayai machanga. Sio uvimbe wa kukatwa, na hakuna dawa ya kuuyeyusha, hata iuzwe kwa bei gani.

La pili ni insulini. Kwa wengi wenye PCOS mwili huwa mgumu kuitii insulini, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili sukari ikae sawa. Ziada hiyo ikifika kwenye ovari huichochea itengeneze androjeni zaidi. Ikifika kwenye ini, hupunguza protini ambayo kazi yake ni kuikamata testosteroni ndani ya damu. Matokeo yake testosteroni iliyo huru huongezeka, nywele zikaota kidevuni, na hedhi ikapotea.

Madaktari hutumia kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003. Mwanamke mzima huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Kabla ya hapo lazima yaondolewe magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama ya tezi ya shingo au ya homoni ya maziwa kuwa juu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeongeza kwamba kipimo cha damu cha homoni ya AMH kinaweza kutumika badala ya ultrasaundi kwa watu wazima.

Hali hii si ya juzi. Mwaka 1721 mwanasayansi wa Italia, Antonio Vallisneri, aliandika habari za mwanamke kijana wa mashambani, ameolewa na hana mtoto, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa, zenye manundu na nyeupe. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba waliokosa hedhi na kuwa na ovari za aina hiyo. Tangu hapo tiba ya kisasa ikaanza kuifuatilia, na baadaye madaktari wakaona jambo linalojirudia: akija mgonjwa mmoja, ukiuliza vizuri, mara nyingi dada yake naye yumo.

Hapo ndipo uchunguzi wa urithi ulipoanzia. Mwaka 1998 nchini Marekani, timu ya Richard Legro na Andrea Dunaif ilitoa matokeo ya kuwapima dada 115 wa wanawake 80 wenye PCOS. Asilimia 22 ya dada hao walikuwa na PCOS kamili. Asilimia 24 nyingine walikuwa na testosteroni iliyo juu ingawa hedhi zao zilikuja kila mwezi kama kawaida. Zingatia kundi hilo la pili. Ni wanawake ambao nyumbani wangehesabiwa hawana tatizo lolote, wamezaa pengine, na huenda ndio wanaomcheka mdogo wao kwa ndevu zake. Damu yao ilikuwa na alama ileile. Kilichotofautiana ni namna ilivyojitokeza.

Lakini ndugu hushiriki mengi zaidi ya damu. Hula chungu kimoja na hulelewa nyumba moja. Utajuaje kama ni urithi au ni malezi? Watafiti huwaendea mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Mapacha wasiofanana wanashiriki nusu tu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja, lakini wote wamelelewa pamoja. Mwaka 2006 Uholanzi, watafiti walichukua taarifa za mapacha wa kufanana 1,332, wakawalinganisha na 1,873 waliokuwa mapacha wasiofanana na dada zao. Kufanana katika PCOS kwa mapacha wenye vinasaba vilevile kulifikia 0.71, pale ambapo 1 ingekuwa kufanana kabisa. Kwa wale wengine kulikuwa 0.38, karibu nusu. Hapo ndipo ilikotoka kauli utakayoikuta kwa madaktari wengi, kwamba urithi unachangia takriban asilimia 70 ya PCOS.

Naomba tusimame kidogo kwenye asilimia hiyo, kwa sababu ikieleweka vibaya inaumiza. Haisemi kwamba mama mwenye PCOS ana uwezekano wa asilimia 70 wa kumpa binti yake. Inasema kwamba ukiwatazama wanawake wengi wa jamii iliyochunguzwa, ukauliza kwa nini huyu ana hali hii na yule hana, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaelezwa na vinasaba. Ni namba ya kundi, haimtabirii mtu mmoja. Binti yako hazaliwi na hukumu mkononi. Huzaliwa na uelekeo, na uelekeo unaweza kupunguzwa nguvu au kuongezewa.

Sasa, ni jeni gani? Watu wengi hufikiri kuna jeni moja ya PCOS, uwe nayo au usiwe nayo, jinsi ilivyo kwa selimundu ambayo tunaifahamu vizuri Afrika Mashariki. Haiko hivyo. Mwaka 2011 timu ya Profesa Zi-Jiang Chen wa Shandong, China, ililinganisha vinasaba vya maelfu ya wanawake wa Kihan, wenye PCOS na wasio nayo, ikatangaza maeneo matatu yanayoongeza hatari. Mwaka uliofuata yakawa 11. Mwaka 2018 ukatoka uchunguzi mkubwa wa watu wenye asili ya Ulaya, wenye PCOS zaidi ya 10,000 na wasio nayo zaidi ya 103,000, ukahesabu maeneo 14, na baadhi yalikuwa yaleyale ya Wachina. Kila eneo peke yake linaongeza hatari kidogo sana. Haba na haba hujaza kibaba: mwanamke mmoja ana machache, mwingine ana mengi, na kwa aliye na mengi kibaba kikikaribia kujaa, uzito kuongezeka kidogo au mwili kukosa mazoezi kunaweza kukimwaga.

Kuna jambo ndani ya uchunguzi huo wa 2018 lililonigusa. Baadhi ya wanawake walioshiriki walikuwa wamepimwa na madaktari kwa vigezo rasmi. Wengine walijaza tu fomu wakisema wana PCOS. Vinasaba vilipolinganishwa, makundi hayo yalikaribiana sana. Nawaambia wahudumu wa afya wanaonisikiliza: mwanamke akikueleza mwili wake unavyokwenda, mpe kiti na umsikilize hadi amalize.

Jeni zenyewe zinafanya kazi gani? Nitataja tatu. Ya kwanza inaitwa DENND1A. Mwaka 2014 Jan McAllister na wenzake huko Pennsylvania walizichukua seli za ovari zinazotengeneza androjeni na kuziotesha maabara. Waligundua kwamba seli za wanawake wenye PCOS zina wingi wa aina moja ya protini ya jeni hiyo. Walipoiongeza protini hiyo kwenye seli za kawaida, seli hizo nazo zikaanza kutoa androjeni kupita kiasi. Walipoipunguza kwenye seli za wenye PCOS, androjeni zikashuka. Hapo hakuna vidonge vya uzazi wa mpango, hakuna mimba iliyotolewa, hakuna jicho la mtu. Ni seli inayofuata maagizo iliyozaliwa nayo.

Ya pili ni jeni ya kipokezi cha insulini, ile sehemu ya seli ambayo insulini hujishikiza ili kuingiza sukari. Kuonekana kwake katika orodha kunathibitisha kwamba sukari na uzazi katika PCOS vinatembea pamoja tangu kwenye mizizi.

Ya tatu ni FSHB, inayohusika na kutengeneza ile homoni ya FSH niliyoitaja mwanzo, na hii ina jambo la ajabu. Katika eneo lake kuna herufi moja ya kinasaba inayotofautiana kati ya watu. Wenye aina moja huwa na FSH zaidi, na wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mapacha wasiofanana. Wenye aina nyingine huwa na FSH kidogo na LH nyingi, na hatari yao ya PCOS iko juu. Eneo lilelile linaloupa ukoo mmoja sifa ya kuzaa mapacha, kwa tofauti ya herufi moja, linaupa ukoo mwingine shida ya yai kupevuka. Anayeshangiliwa na anayenyooshewa kidole wametofautishwa na herufi ambayo hakuna kati yao aliyeiandika.

Na bado maeneo yote yaliyogunduliwa hivyo yanaeleza kama sehemu moja ya kumi tu ya urithi wa PCOS. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha vinasaba akidai kitakuambia kama utapata PCOS, kaa na fedha zako. Hakuna kipimo cha jeni kinachotumika hospitalini kutambua hali hii. Chombo bora cha urithi tulicho nacho hakina umeme wala hakina bei: ni kuijua familia yako.

Na hapa ndipo nilipowaombea wanaume wabaki.

Jeni hizi haziko kwenye kromosomu za kike peke yake. Baba anazibeba na kuzirithisha sawasawa na mama. Tofauti ni kwamba baba hana hedhi ya kupotea wala ovari ya kutazamwa kwenye skrini, kwa hiyo zinapita kwake bila kutajwa jina. Lakini alama huacha. Mwaka 2002 timu ya Legro na Dunaif iliwapima kaka za wanawake wenye PCOS, ikakuta wana kiwango cha juu cha homoni ya DHEAS, mojawapo ya androjeni za tezi za adrenali. Baadaye watafiti wa Marekani walitumia taarifa za wanaume wa Uingereza waliojitolea katika hazina ya UK Biobank. Walihesabu mzigo wa jeni za PCOS kwa kila mwanamume. Wenye mzigo mkubwa walikuwa na hatari zaidi ya unene, kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo, na kipara. Uchunguzi ule wa 2018 nao ulikuwa umeonyesha kwamba jeni zinazoelekeza kipara cha kiume zinaelekeza pia PCOS.

Baba uliyeketi hapo: ikiwa kwenu wanaume hupata kisukari wakiwa bado na nguvu za kazi, na vipara vikaanza wakiwa vijana, na sasa binti yako hedhi yake haina mpangilio, usimtazame mkeo. Mnaweza kuwa mmechangia wote wawili, na huenda wewe ndiye uliyechangia zaidi.

Na nani anaweza kutusaidia kuujua upande wa baba? Shangazi. Huyo ndiye mwanamke mwenye damu ya baba, na katika jamii zetu nyingi ndiye aliyepewa kazi ya kukaa na binti na kumfunda. Tumemtumia kufundisha usafi, heshima na unyumba. Tumuulize na haya: shangazi, wewe hedhi yako ilikuwaje ulipokuwa msichana? Ulikaa muda gani kabla ya mimba ya kwanza? Kuna dada yenu aliyekuwa na ndevu? Bibi, mama yenu, alikuwa na sukari? Majibu ya maswali hayo manne yakifika kwa daktari yanamfupishia njia.

Sasa kuna mama anayenisikiliza na kusema moyoni, basi ni tumbo langu. Hili nalo tulizungumze kwa ukweli. Sweden, kwa kutumia kumbukumbu za taifa, watafiti walikuta kwamba mabinti wa kina mama wenye PCOS hupata PCOS mara tano zaidi ya wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019, pamoja na majaribio ya panya waliopewa androjeni wakiwa na mimba, na athari zikaonekana hadi kizazi cha tatu. Mwaka mmoja kabla, kundi la Lille, Ufaransa, liliwadunga panya wenye mimba homoni ya AMH, na vitoto vyao vya kike vikakua na dalili zinazofanana na PCOS. Kwa hiyo yawezekana mazingira ya homoni tumboni yanaongeza kitu juu ya jeni, kwa kubadili namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Lakini mama huyo hakujidunga chochote. Homoni zake ziko juu kwa sababu na yeye alizaliwa na hali hiyo, akaipokea kwa waliomtangulia. Ujuzi huu unatupa sababu ya kumhudumia vizuri akiwa mjamzito, kumpima sukari mapema na shinikizo la damu kila hudhurio. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumshutumu.

Kuna upande mwingine wa urithi huu ambao hausemwi vya kutosha. Jeni zinazochelewesha kukoma kwa hedhi zinahusiana na PCOS. Hedhi za wenye hali hii pia mara nyingi huanza kujipanga wakikaribia miaka 40. Na kwa sababu maeneo kadhaa ya hatari yanapatikana kwa Wachina na kwa Wazungu vilevile, wako wanasayansi wanaosema kwamba chimbuko lake ni la kale sana, kabla wanadamu hawajatawanyika kutoka Afrika. Kama ndivyo, basi ni urithi wa wanadamu wote. Haukuletwa na chipsi wala na maisha ya mjini, ingawa maisha ya kukaa kitako na vinywaji vya sukari vinaupa nafasi ya kujitokeza kwa ukali zaidi.

Lakini tazama dosari ilivyo kubwa. Hali ambayo huenda ilianzia bara hili imechunguzwa kwa vinasaba vya China na Ulaya, na Waafrika wametajwa kidogo mno. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa za aina hii duniani, za magonjwa yote kwa jumla, washiriki wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3 tu. Na Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara jingine lolote. Ina maana kwamba jibu la kwa nini binti wa Tanga au wa Kisumu ana PCOS linaweza kuwa kwenye jeni ambayo haijatafutwa, kwa sababu damu yake haijawahi kuwekwa mezani. Mpango wa utafiti wa vinasaba barani Afrika uitwao H3Africa, uliotangazwa mwaka 2010 na kumalizika mwaka 2022, ulionyesha kwamba Waafrika wanaweza kuendesha tafiti hizi katika vyuo vyao wenyewe. Vyuo vyetu vikuu na wizara za afya zichukue hilo, na uzazi wa wanawake uwekwe kwenye orodha ya mwanzo.

Msikilizaji, wakati tukisubiri hayo, yako tunayoweza kufanya kuanzia wiki hii.

Kama una PCOS, waambie dada zako, mabinti zako na kaka zako. Kwa dada na binti, waangalie hedhi. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo hedhi kuruka ni kawaida. Ikishapita miaka mitatu, hedhi inayozidi siku 35 kabla ya kurudi, au inayokuja chini ya mara nane kwa mwaka, ni ya kupeleka hospitali. Hedhi ikipotea siku 90 baada ya ule mwaka wa kwanza, usingoje zaidi. Kwa kaka na baba, wapime sukari, shinikizo la damu na mafuta kwenye damu.

Kwa binti mdogo, usikimbilie ultrasaundi. Ovari za msichana zina vifuko vingi kwa asili, na mwongozo wa kimataifa unashauri kipimo hicho kisitumike kutambua PCOS kwa wasichana wa umri wa balehe. Dalili na vipimo vya damu vinatosha. Na dodoki liwekwe chini. Ile shingo ni ujumbe wa kumpeleka kupima sukari.

Kwa aliyepimwa akakutwa nayo, tiba ipo. Kula kwa mpango na kuushughulisha mwili kunaufanya mwili uitii insulini, na kwa mwenye uzito uliozidi, hata kupungua kidogo huweza kurudisha hedhi. Daktari anaweza kutumia vidonge vya uzazi wa mpango kupanga hedhi na kupunguza androjeni, au metformini kwa upande wa sukari. Hedhi kutokuja miezi mingi bila tiba si jambo la kuacha, kwa sababu ukuta wa kizazi hujijenga bila kutoka na hatari ya saratani yake huongezeka. Anayetafuta mtoto, dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi ni letrozoli. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2014, wa wanawake 750, ulikuta waliotumia letrozoli waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia dawa nyingine, klomifeni. Wengi wenye PCOS huzaa. Fedha unayotaka kuitoa kwa dawa ya kusafisha kizazi, itoe kwa vipimo.

Na tusisahau moyo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha uhusiano kati ya PCOS na sonona. Binti anayejifungia chumbani hadekezwi akiulizwa habari zake, anatibiwa.

Nimalizie na kina baba, kama nilivyoanza nao. Siku binti yako akirudi kutoka kliniki na karatasi yenye herufi hizo nne, kuna sentensi moja ambayo wewe ndiye unayeweza kuisema kwa uzito kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Mwambie: hili limetoka kwetu sote, na kwangu pia. Kisha mpigie simu dada yako, umuulize yale maswali manne, na siku ya kurudi hospitali mfuatane.